Ufa na Ukuta: Fedha za Umma na Uso wa Viwanja vya Watoto mjini New York (1887-2014)

0. Utangulizi

Anayeandika historia ya michezo ya watoto mijini huvutwa kwanza na vyombo: bembea, mtelezo, ngazi za kupandia, sanduku la mchanga. Baada ya vyombo huvutwa na watu waliovianzisha viwanja, akawasifu au akawalaumu. Kitu kimoja hubaki nyuma katika njia zote mbili, nacho ni ardhi yenyewe, ile ambayo mtoto huikimbilia, huirukia na huiangukia. Katika jiji kubwa ardhi hiyo haipatikani bure. Inabidi inunuliwe, isawazishwe, ichimbiwe mifereji ya maji na kutandikwa kitu cha kuifunika. Na baada ya miaka michache inabidi itandikwe tena. Kila mara swali ni lile lile: nani alipe?

Makala haya yanalifuata swali hilo katika jiji moja, New York, tangu sheria ya mwaka 1887 hadi mpango wa ukarabati uliotangazwa mwaka 2014. Jiji hilo linafaa kwa sababu mbili. Kwanza, ndiko kilikofunguliwa kiwanja cha kudumu cha watoto kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kujengwa na serikali ya jiji nchini Marekani. Pili, karibu kila aina ya fedha imepita huko: kodi ya jiji, mikopo, fedha za serikali kuu, sadaka za matajiri na michango ya majirani.

Kabla ya kuendelea yafaa maneno matatu yatenganishwe. Kujenga ni kuleta kiwanja mahali ambapo hakikuwako. Kukarabati ni kukirudishia kiwanja kilichochakaa hali yake njema, mara nyingi kwa kazi kubwa inayofanywa mara moja. Kutunza ni kazi ndogo ya kila siku: kufagia, kukaza msumari, kuziba tundu. Katika mazungumzo ya kawaida maneno hayo huingiliana. Katika vitabu vya hesabu vya serikali ya jiji, hata hivyo, yametenganishwa kwa ukali, na hoja ya makala haya ni kwamba mtengano huo umeamua hali ya viwanja vya watoto kuliko nia njema ya kiongozi yeyote.

1. Mchanga na mabaki ya makaa: jiji lajitwika mzigo (1885-1910)

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 New York ilipokea wahamiaji wengi mno kutoka Ulaya. Mtaa wa Lower East Side, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Manhattan, ulisongamana watu kuliko karibu mitaa yote iliyojulikana wakati huo. Familia ziliishi katika nyumba za ghorofa zenye vyumba vidogo visivyopata hewa wala mwanga. Watoto walicheza barabarani, kati ya farasi na mikokoteni. Bustani kubwa ya Central Park ilikuwako tayari, lakini ilikuwa mbali upande wa kaskazini, na isitoshe ilibuniwa kwa ajili ya matembezi ya watu wazima.

Mwaka 1887, wakati Abram Hewitt alipokuwa meya, bunge la jimbo lilipitisha sheria ya bustani ndogo. Sheria hiyo iliruhusu jiji kutumia hadi dola 1,000,000 kwa mwaka ili kupata ardhi na kuweka bustani katika mitaa yenye msongamano. Fedha, basi, ziliruhusiwa mapema. Kazi yenyewe ilikwenda polepole mno. Mwandishi wa habari Jacob Riis, mzaliwa wa Denmark, ambaye kitabu chake cha mwaka 1890 kiliwafumbua macho wasomaji juu ya maisha ya maskini wa jiji hilo, alipigania miaka mingi kubomolewa kwa nyumba mbovu za mahali palipoitwa Mulberry Bend. Bustani ya hapo ilifunguliwa mwaka 1897, yaani miaka kumi baada ya sheria. Tena ilikuwa bustani ya majani yasiyokanyagwa: Riis mwenyewe alisimulia jinsi polisi alivyompiga fimbo kwa kosa la kutembea juu ya majani hayo. Jiji lilikuwa limelipia ardhi, lakini halikuwa limelipia mchezo.

Fikra ya kulipia mchezo ilikuwa imeanza mahali pengine. Mwaka 1885, mjini Boston, daktari Marie Zakrzewska, aliyekuwa ameona bustani za mchanga mjini Berlin, aliwashawishi wanawake wa chama kimoja cha afya wamwage rundo la mchanga ili watoto wa mtaa wa maskini wachezee. Mchanga huo ulikuwa ndio kiwanja kizima. Haukuhitaji chombo, wala fundi, wala mkataba. Ulihitaji mtu wa kuwaangalia watoto na mwenye kukubali kuugharamia.

Mjini New York, Charles B. Stover na muuguzi Lillian Wald walianzisha mwaka 1898 chama kilichokusudia kuwapatia watoto mahali pa kuchezea nje. Mbinu yao ilikuwa ya busara. Walichukua viwanja ambavyo jiji lilikuwa limevinunua na kubomoa nyumba zake, kisha likaviacha wazi bila kuvimalizia. Wakaweka humo vyombo kwa michango ya watu binafsi. Lengo halikuwa kuendesha viwanja hivyo milele. Walitaka kuuonyesha umma kwamba haja ipo, ili jiji lishindwe kukwepa wajibu wake. Mwaka 1902 jiji liliichukua kazi hiyo, na tarehe 17 Oktoba 1903 kiwanja cha Seward Park kilifunguliwa katika Lower East Side. Kilikuwa na ua, banda la mapumziko, vyombo vya mazoezi ya viungo na njia ya kukimbilia. Uso wake ulitandikwa mabaki ya makaa ya mawe yaliyokwisha kuungua.

Uso huo una maana yake. Mabaki ya makaa yalipatikana kwa bei ndogo katika jiji lililopika na kujipasha moto kwa makaa, na yaliruhusu maji ya mvua kupenya. Yaliwachubua watoto magoti na kutoa vumbi, lakini yaliliwezesha jiji kuanza. Tangu siku ile ya Oktoba, mchezo wa mtoto ulipata mahali katika bajeti ya umma. Mwaka 1906 chama cha kitaifa cha viwanja vya watoto kiliundwa mjini Washington, Luther Gulick akiwa rais wake wa kwanza, na mwaka 1910 Stover aliwekwa kuwa mkuu wa bustani wa New York. Waliokuwa wakibisha mlangoni sasa walikuwa ndani ya nyumba.

2. Lami na mishahara ya dharura (1934-1943)

Mporomoko wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliwaacha mamilioni ya Wamarekani bila kazi. Msiba huo, ajabu yake, ndio ulioleta ujenzi mkubwa kuliko wote katika historia ya viwanja vya watoto mjini New York. Mwezi Januari 1934 Fiorello La Guardia alishika umeya, akamweka Robert Moses kuwa mkuu wa idara moja ya bustani kwa wilaya zote tano za jiji. Wakati huo jiji lilikuwa na viwanja vya watoto 119. Moses alipoiacha idara hiyo mwaka 1960, vilikuwa 777.

Hesabu hiyo haielezeki bila kutazama fedha. Hatua ya kwanza ilitokana na mfuko uliokuwa umechangwa kwa ajili ya ukumbusho wa askari wa Vita Kuu ya kwanza na kukaa bila kutumika. Moses aliuomba, na mwezi Julai 1934 viwanja 9 vya ukumbusho vilifunguliwa kwa siku moja. Baadaye zilikuja fedha za serikali kuu ya Rais Franklin D. Roosevelt, kupitia mashirika ya kazi za dharura, hasa lile la WPA lililodumu tangu mwaka 1935 hadi 1943. Mashirika hayo yaliundwa kwanza ili kuwapa watu kazi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha zake ilikuwa mishahara, na mji wenyeji ulitazamiwa kuchangia vifaa. Mwenye michoro iliyo tayari ndiye aliyepata wafanyakazi wengi, na Moses alikuwa na michoro tayari.

Kutokana na hali hiyo ilizaliwa sura moja ya kiwanja iliyorudiwa mamia ya mara: ua wa chuma, bembea, mitelezo, kidimbwi cha maji ya kina kifupi, mabenchi pembeni, na chini ya vyote lami. Lami ilikuwa na sifa ambazo mhasibu huzipenda. Haikufanya matope, ilikauka haraka baada ya mvua, ilioshwa kwa mpira wa maji na haikuhitaji kumwagwa upya kila msimu kama mchanga. Kwa idara yenye viwanja vingi na wafagiaji wachache, lami ilikuwa njia ya kupunguza gharama ya kesho kwa kulipa leo. Aliyeilipa tofauti hiyo alikuwa mtoto aliyeteleza kutoka juu ya ngazi.

Jambo la pili ni mahali viwanja vilipojengwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya maisha ya Moses, Robert Caro aliandika kwamba kati ya viwanja 255 vilivyojengwa katika miaka ya 1930, ni kimoja tu kilichowekwa Harlem, mtaa mkuu wa Wamarekani weusi. Hesabu hiyo imebishaniwa. Wanahistoria waliomtazama Moses upya, kama Hilary Ballon na Kenneth T. Jackson katika kitabu walichokihariri mwaka 2007, waliipima kazi yake kwa mizani nyingine na kuona ndani yake ujenzi ambao jiji lisingeweza kuishi bila huo. Hata hivyo pande zote mbili zinahusu swali moja: fedha za umma zikiwa nyingi, je, huenda palipo na haja kubwa au palipo na ardhi rahisi na sauti yenye nguvu?

Jambo la tatu halikuonekana upesi. Fedha za serikali kuu zililipia mikono iliyojenga, na kwa muda zililipia pia baadhi ya walezi waliowasimamia watoto. Mwaka 1943, katikati ya vita, shirika la WPA lilivunjwa. Viwanja vilibaki, mishahara iliondoka. Jiji lilirithi mali kubwa ambayo halikuwahi kuonyesha kwamba lingeweza kuitunza kwa kodi zake lenyewe.

3. Mikoba miwili

Ili kuelewa yaliyofuata, ni lazima kueleza jinsi hesabu za jiji zinavyopangwa. Kama miji mingi ya Marekani, New York ina mikoba miwili. Wa kwanza ni bajeti ya ujenzi, ambayo hutegemea mikopo: jiji huuza hati za mkopo na kulipa polepole, kwa hoja kwamba kizazi kitakachotumia mali hiyo ndicho kitakachoilipia. Wa pili ni bajeti ya matumizi ya kawaida, ambayo hutoka katika kodi na mapato ya mwaka uleule. Humo ndimo zilimo mishahara ya wafagiaji, mafundi na walezi. Kitu kinachonunuliwa kwa mkoba wa kwanza hakina budi kuwa cha thamani ya kutosha na kuweza kudumu miaka kadhaa, kwa kanuni ya jiji si chini ya 5. Kanuni hiyo ni ya haki: haifai mtoto wa kesho alipe deni la ufagio uliochakaa jana.

Lakini itazame kanuni hiyo kutoka upande wa kiwanja. Uso ukipasuka mahali padogo, tundu hilo ni kazi ya mkoba wa pili, mkoba ambao kila mwaka hushindaniwa na polisi, shule, hospitali na uzoaji wa taka. Tundu likiachwa hadi uso wote ukaharibika, kazi hiyo hugeuka kuwa ukarabati, nayo huweza kuingia katika mkoba wa kwanza. Waswahili husema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na husema hivyo ili kumwonya mzembe. Katika hesabu za jiji onyo hilo limegeuzwa likawa ushauri: ufa hauna fedha, ukuta unazo. Mkuu wa bustani mwenye akili timamu, asiye mzembe hata kidogo, anaweza kujikuta akingoja ufa ukue.

Zaidi ya hayo, ukuta una sherehe na ufa hauna. Kiwanja kipya hufunguliwa kwa kukata utepe mbele ya wapiga picha, na jina la diwani au meya huandikwa. Hakuna aliyewahi kukata utepe kwa ajili ya msumari uliokazwa.

Katika miaka ya kwanza ya 1970 serikali ya jiji ilivunja mpaka kati ya mikoba hiyo kwa namna mbaya zaidi: ilichukua fedha za mikopo, zilizokusudiwa ujenzi, ikalipia matumizi ya kawaida. Mwaka 1975 mabenki yalikataa kuendelea kukopesha na jiji likafika ukingoni mwa kufilisika. Jimbo liliweka usimamizi mkali juu ya hesabu zake, na maelfu ya wafanyakazi wa jiji walipoteza kazi. Idara ya bustani, isiyozima moto wala kukamata wezi, ilikuwa miongoni mwa zilizoumia sana. Katika miaka iliyofuata bembea zilibaki minyororo mitupu, vidimbwi vilikauka, na vipande vya chupa vilitapakaa juu ya lami ya miaka ya 1930.

Matajiri waliojitolea hawakuweza kuziba pengo hilo, na mfano wa viwanja viwili unaeleza sababu. Mwaka 1966, kwa fedha za mfuko wa hisani wa familia ya Astor, mbunifu M. Paul Friedberg alijenga uwanja wa aina mpya katikati ya nyumba za umma zinazoitwa kwa jina la Jacob Riis, katika Lower East Side: vilima vya mawe, vichuguu, mihimili ya mbao na mchanga, mahali pa lami na ua wa chuma. Mwaka uliofuata, kwa fedha za mfuko wa familia ya Lauder, Richard Dattner alijenga kiwanja cha mtindo wa karibu na huo kwenye ukingo wa magharibi wa Central Park, jirani na mtaa wa watu wenye uwezo. Vyote viwili vilisifiwa sana. Cha kwanza kilichakaa miaka baada ya miaka, na mwishowe kikaondolewa. Cha pili nacho kilichakaa, lakini kilikuwa na wazazi waliojua kuandika barua, na tangu mwaka 1980 bustani hiyo ilikuwa na shirika lake la kuchangisha fedha za utunzaji. Kilikarabatiwa katika miaka ya 1990, na umbo lake likahifadhiwa.

Wabunifu wote wawili walikuwa na ujuzi, na wahisani wote wawili walikuwa wakarimu. Kilichotofautisha hatima ya viwanja hivyo ni jirani yake. Sadaka, sawa na mkopo, ilipenda kujenga. Kutunza iliwaachia wenyeji, na wenyeji hawakuwa sawa.

4. Mpira: usalama unapokuwa na bei

Hadi hapo uso wa kiwanja ulichaguliwa kwa kutazama bei na usafi. Mwaka 1981 sababu ya tatu iliingia. Tume ya serikali kuu ya Marekani inayoshughulikia usalama wa bidhaa ilitoa mwongozo juu ya viwanja vya umma vya watoto, ikautoa upya mwaka 1991. Uchunguzi wake ulionyesha kwamba majeraha mengi ya viwanjani, na hasa yale mabaya ya kichwa, yalitokana na kuanguka, tena kuangukia kitu kigumu. Mwongozo ulitamka kwamba lami na saruji havifai kuwekwa chini ya vyombo vya kupandia. Badala yake ulikubali vipande vya mbao, mchanga, changarawe laini, au vifuniko vya mpira, kila kimoja kwa kina au unene unaolingana na urefu ambao mtoto anaweza kuanguka kutoka huko.

Mwongozo huo haukuwa sheria ya taifa zima. Hata hivyo mawakili waliusoma. Mtoto akivunjika juu ya lami, mahakama ingeweza kuuliza kwa nini jiji halikufuata maneno yaliyokwisha kuchapishwa na serikali kuu. Hivyo gharama ya kutotandika upya ilianza kuonekana katika hesabu: ilikuwa fidia. Kwa mara ya kwanza goti la mtoto, lililokuwa limelipa tofauti ya bei tangu miaka ya 1930, lilipata mtetezi ambaye mhasibu alilazimika kumsikiliza.

Mwaka 1990 sheria ya haki za watu wenye ulemavu iliongeza sharti jingine. Kiwanja cha umma kilipaswa kufikiwa na mtoto aliye katika kiti cha magurudumu. Mchanga na vipande vya mbao visivyoshikana, ambavyo ni rahisi kwa bei, humpokea vema anayeanguka lakini humzuia anayesukuma magurudumu. Vifuniko vya mpira hutimiza masharti yote mawili, navyo ni ghali. Katika viwanja vya New York vilienea vigae vizito vya mpira, mara nyingi vyeusi, vikawekwa chini ya bembea na ngazi, huku lami ikibaki sehemu nyingine.

Suluhisho hilo lilikuja na matatizo yake. Mpira mweusi hupata joto kali sana juani, hata ukaweza kuunguza nyayo za mtoto asiye na viatu. Huchakaa kwa jua, barafu na miguu. Viungo vyake hufunguka na pembe zake huinuka, zikawakwaza watoto. Lami ya Moses ilidumu miongo kadhaa bila kuombwa samahani. Mpira huomba fundi mapema. Maana yake ni kwamba kadiri uso ulivyokuwa salama zaidi, ndivyo ulivyohitaji zaidi mkoba wa pili, ule ule uliokuwa mwembamba. Jiji liliboresha sakafu zake na kwa kitendo hicho hicho likaongeza deni lake la utunzaji.

5. Nani atangulizwe?

Mwaka 2007, katika mpango wa muda mrefu wa meya Michael Bloomberg, jiji lilijiwekea lengo kwamba kila mkazi aweze kufika kwenye bustani au kiwanja kwa mwendo wa miguu usiozidi dakika 10. Njia moja ilikuwa kufungua nyua za shule kwa watoto wa mtaa baada ya masomo. Nyingi ya nyua hizo zilikuwa lami tupu. Baadhi zilifunguliwa mara moja. Nyingine zilihitaji kwanza kutandikwa upya na kuwekewa vyombo. Fikra yenyewe haikuwa ngeni, kwa maana mwishoni mwa miaka ya 1930 idara za bustani na elimu zilikuwa zimeanza kuendesha pamoja viwanja vilivyo karibu na shule.

Lengo la dakika 10 lilipima umbali. Halikupima hali ya kinachokutwa mwisho wa safari. Mwezi Oktoba 2014 meya Bill de Blasio alitangaza mpango uliojaribu kupima jambo hilo la pili. Kabla ya kugawa fedha, idara ilichunguza hesabu za ujenzi za miaka 20, ikatafuta bustani na viwanja vilivyopata chini ya dola 250,000 katika kipindi hicho chote. Orodha hiyo ililinganishwa na ramani za umaskini, msongamano na ongezeko la watu. Awamu ya kwanza ilitenga dola milioni 130 kwa ajili ya kukarabati kabisa bustani na viwanja 35.

Umuhimu wa mpango huo kwa mwanahistoria uko katika swali lililotangulia fedha. Desturi ilikuwa kwamba kiwanja hupata ukarabati kikiwa na mtu wa kukisemea: diwani mwenye fungu la kugawa, chama cha wazazi, mhisani wa jirani. Sasa kutosemewa kwa miaka 20 kuligeuzwa kuwa sifa ya kutangulizwa. Hiyo ni njia ya kukiri, kwa lugha ya takwimu, kwamba mgawanyo wa awali haukufuata haja.

Hata hivyo fedha hizo nazo zilitoka katika mkoba wa kwanza. Zilinunua ukuta. Kama viwanja hivyo havitapata watu wa kuziba nyufa zake, kizazi kingine cha maofisa kitalazimika kuandika orodha mpya ya vilivyosahauliwa.

6. Ulinganisho mfupi: Uingereza

Mtu aweza kudhani kwamba tatizo hili ni la muundo wa miji ya Marekani pekee. Uingereza yatoa mfano wa kinyume, kwa sababu huko serikali kuu ndiyo iliyoshika uongozi. Mwaka 2008 serikali ya chama cha Labour ilitenga pauni milioni 235 ili kujenga au kukarabati hadi viwanja 3,500 vya watoto katika England, pamoja na viwanja 30 vikubwa vya michezo ya ujasiri. Fedha hizo ziliwekewa ulinzi: halmashauri ya mji iliyozipokea haikuruhusiwa kuzihamishia kazi nyingine.

Mwaka 2010 serikali ilibadilika, na katika kubana matumizi ulinzi huo ukaondolewa. Halmashauri zilizokuwa hazijaanza kazi zililazimika kusimama na kufikiri upya. Viwanja vilivyokwisha kumalizika vilibaki mikononi mwa halmashauri ambazo ruzuku zao za kawaida zilikuwa zikipunguzwa mwaka baada ya mwaka. Muundo ulikuwa tofauti na wa New York, lakini matokeo yalifanana na yale ya mwaka 1943: fedha kubwa kutoka juu ziliacha mali, na mali hiyo ikadai fedha ndogo kutoka chini ambazo hazikuwako.

7. Hitimisho

Kutoka rundo la mchanga hadi kigae cha mpira, uso wa kiwanja cha watoto umebadilika kwa kufuata fedha zilizokuwako. Mabaki ya makaa yalikuwa uso wa jiji lililoanza kukubali wajibu. Lami ilikuwa uso wa mishahara ya dharura na wafagiaji wachache. Mpira ni uso wa mahakama na haki za walemavu. Kila uso umetatua tatizo la uliotangulia na kuuachia ujao tatizo jingine.

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, fedha za kujenga zimepatikana mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, hata katika miaka ya dhiki. Fedha za kutunza zimekosekana hata katika miaka ya neema. Pili, upungufu huo hauwaangukii watoto wote sawasawa, kwa kuwa mtaa wenye nguvu huongeza utunzaji wake wenyewe na mtaa maskini hauna cha kuongeza. Tatu, kanuni za hesabu, ambazo huonekana kuwa kazi ya makarani, hubeba ndani yake uamuzi juu ya mtoto yupi ataanguka juu ya nini.

Kwa hiyo yeyote anayetaka kupima ahadi ya serikali juu ya kiwanja cha watoto asiishie katika kiasi cha fedha kilichotangazwa siku ya ufunguzi. Afungue ukurasa wa bajeti ya mwaka wa tano baada ya siku hiyo, atafute mshahara wa fundi mmoja na bei ya kigae kimoja. Visipokuwamo, kiwanja hicho tayari kimeanza kuchakaa.